Maswali ya Wasomaji: Kutoka Ganda la Muhogo Hadi Asidi ya Laktiki

Toleo lililopita tulidokeza kwamba maganda ya muhogo, yale yanayorundikana nyuma ya kila mashine ya kusaga, yanaweza kutoa asidi ya laktiki, ileile inayoyafanya maziwa ya mgando na togwa vikate ulimi. Barua zilizofuata zimetoka karibu zote kwenye reli moja, Tabora hadi Kigoma. Tunajibu zile zilizouliza mambo ya kutendeka.

Sisi ni kikundi cha akina mama wa Kasulu. Tunamenya muhogo wa kukausha makopa, na maganda yametuzidi. Mbuzi wanakula wanaacha. Tupeni vipimo vya kujaribia kidogo kwanza, tangu ganda mpaka mwisho. (Mwenyekiti wa kikundi, Kasulu)

Mama mwenyekiti, shikamoo. Vipimo hivi ni vya lita 15 ndani ya ndoo ya lita 20. Msijaze ndoo, maana kuna hatua ambayo povu litapanda.

Ganda lina tabaka mbili. Lile jembamba la kahawia la nje halina faida, ni udongo na nyuzi. Likwangueni au likaoshwe mpaka litoke. Mnalolitaka ni lile nene jeupe la ndani, pamoja na nyama iliyobaki juu yake. Likaushwe juani mpaka livunjike kwa kidole, kisha lisagwe. Pimeni kilo 2 za unga huo. Wanga ndani yake unaweza kuwa theluthi ya uzito, unaweza kufika nusu. Hilo linategemea mmenyaji alikula nyama kiasi gani kwa kisu chake.

Hapa ndipo wengi hukosea. Bakteria wengi wa asidi ya laktiki hawali wanga. Wanataka sukari, na wanga haugeuki sukari wenyewe. Dawa yake mnayo nyumbani: kimea cha ulezi, kile cha togwa. Tayarisheni gramu 400 za unga wake. Kiwe kimekaushwa kwa jua tu. Kimea kilichokaangwa kinanukia vizuri, lakini vimeng'enya vyake, vile vinavyokata wanga kuwa sukari, vimekufa na hakitalainisha kitu.

Korogeni unga wa maganda na gramu 50 za kimea katika lita 3 za maji baridi, kisha mimineni kwenye lita 9 za maji ya moto kiasi cha nyuzi 60. Hizo gramu 50 za kwanza zina kazi moja tu, kuzuia uji usigeuke ugali mkononi mwenu. Pandisheni moto taratibu kwa nusu saa hadi nyuzi 85 au 90, mkae hapo dakika 20 mkikoroga. Fanyeni kazi hii nje, penye upepo, na asiwepo wa kuinamia sufuria. Ganda la muhogo lina sumu ya sianidi kuliko nyama yake, na sumu hiyo hupanda na mvuke.

Epueni. Uji ukishuka hadi nyuzi 63, tieni gramu 350 za kimea zilizobaki, fungeni sufuria kwa blanketi au ikalisheni ndani ya boksi lenye pumba za mpunga, ibaki kati ya nyuzi 60 na 65 kwa saa mbili. Kidole hakitoshi hapa, nunueni kipimajoto. Ukipita 75 vimeng'enya vinakufa. Ukishuka chini ya 50, vijidudu vingine vinaanza sherehe kabla ya wageni wenu. Kujua kama wanga umekwisha, dondosheni tone la uji kwenye sahani nyeupe na tone la ayodini ya duka la dawa. Likiwa bluu au jeusi, ongezeni nusu saa. Likibaki na rangi yake ya kahawia, kazi imekwisha, na uji wenyewe utakuwa mwepesi na mtamu.

Chujeni kwa shashi, suuzeni chicha kwa lita 2 za maji ya moto, na maji hayo yaingie humohumo. Chicha wapeni mbuzi. Yale maji matamu yachemsheni tena dakika 15, na katika mchemko huo tieni gramu 75 za hamira kavu iliyokorogwa kwenye nusu lita ya maji. Msiogope, hamira hiyo itakufa. Hatuitaki iumue kitu, tunaitaka iwe chakula: bakteria wa laktiki ni wateule sana, hawawezi kujitengenezea vitamini za kundi B wala sehemu kubwa ya asidi amino, na maganda ni maskini wa vyote viwili. Anayeruka hatua hii huona kazi inaanza vizuri siku ya kwanza, kisha inalala.

Mbegu, yaani bakteria wa kuanzishia, ianze kuandaliwa siku moja kabla. Chukueni lita moja ya maji matamu yaliyochemshwa kutoka jaribio dogo la awali, yapoe hadi nyuzi 40, mtie kikombe kimoja cha togwa iliyochacha vizuri, mfunike. Msitumie mtindi wa dukani. Bakteria wake wamezoea sukari ya maziwa, na wengi wao hawaijui maltosi, ambayo ndiyo sukari kubwa itokayo kwenye kimea. Wale wa togwa wamekulia humo.

Sasa unganisheni: lita 14 za maji matamu yaliyopoa hadi nyuzi 40, na lita moja ya mbegu. Funikeni, msibane sana. Usiku wa Kasulu una baridi, kwa hiyo ndoo ilale ndani ya boksi la pumba pamoja na dumu la maji ya moto. Mnataka nyuzi 37 hadi 42.

Baada ya saa sita hadi nane pimeni kwa karatasi za pH (kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu umezidi). Ikishuka hadi 5, anzeni kutia unga wa kalsiamu kabonati. Jumla ni gramu 450, kwa mafungu matatu ndani ya siku mbili, na mkoroge mara nne kwa siku kwa sababu unga huo unazama na ukizama hausaidii. Kila asidi inapotokea, kabonati inaimeza na kutoa hewa ya kaboni. Hilo ndilo povu tulilowaonya. Tafadhali msitumie chaki za darasani kabla ya kuzijaribu kwa limao. Nyingi ni jasi, hazichemki zikiguswa na limao, na hazitameza asidi hata mtie katoni nzima.

Siku ya pili au ya tatu povu litakoma hata mkikoroga, na kabonati kidogo itabaki chini bila kuguswa. Hapo ndoo yenu haina asidi huru tena, ina kalsiamu laktati iliyoyeyuka, yaani asidi iliyofungwa na kalsiamu. Msiiache ilale. Siku hiyohiyo ichemsheni hadi nyuzi 85, mtie chokaa iliyozimwa, si kabonati, kidogo kidogo hadi pH ipande 10 ili protini zigande na bakteria wafe, kisha chujeni ikiwa moto. Endeleeni kuchemsha mpaka ibaki lita 5, mwache mahali pa baridi usiku kucha. Asubuhi mtakuta vijibonge vyeupe vimejikusanya kama vichwa vidogo vya koliflawa. Kamueni kwa kitambaa, suuzeni kwa maji baridi kidogo.

Kwenye karatasi, gramu 800 za sukari zikifanya kazi vizuri hutoa karibu gramu 700 za asidi, na hizo ni karibu kilo 1.2 za fuwele hizi. Msishangae mkivuna nusu yake. Kiasi kikubwa hubaki kwenye maji yaliyokamuliwa, ambayo mnaweza kuyarudisha kwenye mchemko wa safari ijayo, mara mbili au tatu, mpaka yawe meusi.

Nimeshapata hizo fuwele. Fundi wa betri hapa mtaani ananiambia ana asidi nyingi ya betri mbovu, atanipa bure. Naweza kuitumia? (Msomaji, Ujiji)

Hapana, ndugu yetu. Asidi iliyokaa ndani ya betri imebeba risasi, na risasi haichujwi kwa kitambaa wala haiondoki kwa kuchemsha.

Asidi mpya ya salfuriki, ile inayouzwa kwa ajili ya kujazia betri mpya, ndiyo inayoweza kuzinyang'anya fuwele kalsiamu yake na kuiacha asidi ya laktiki huru. Kwa kawaida ina nguvu ya karibu asilimia 37. Kwa kilo 1 ya fuwele zilizokauka unahitaji kiasi cha mililita 670. Yeyusha fuwele katika lita 3 za maji ya moto, ndani ya chombo cha plastiki ngumu au chuma kisichoshika kutu. Sufuria ya alumini italiwa. Vaa miwani na glovu za mpira, na umimine asidi kwenye maji ya fuwele, kidogo kidogo, ukikoroga. Usifanye kinyume. Jasi nyeupe, yaani kalsiamu iliyoshikwa na salfuriki, itaanguka kama maziwa yaliyokatika. Ukikaribia mwisho, chuja kijiko kimoja, kitie tone la asidi: kikiwa na ukungu, kalsiamu bado ipo, kikibaki angavu, simama. Kuzidisha ni kosa baya kuliko kupunguza, kwa kuwa salfuriki iliyozidi utabaki nayo mpaka mwisho.

Ukichuja utapata karibu gramu 580 za asidi ya laktiki iliyoyeyuka, na gramu 560 za jasi. Zitazame hizo namba mbili. Karibu kilo moja ya taka kwa kilo moja ya mali! Viwanda vikubwa vimekuwa vikilalamikia jasi hii miaka yote, na vingi vimetafuta njia nyingine za kutenganisha kwa sababu yake. Kwako inaweza kwenda shambani, si kwenye mtaro.

Kuipunguza maji, tumia moto wa chini. Ukifika nusu kwa nusu, acha. Kuendelea kuchemsha kwenye sufuria wazi kunafanya chembe za asidi ziungane zenyewe kwa zenyewe, na rangi inakuwa kama chai ya rangi. Ile ya dukani yenye asilimia 80 au 88 hukaushwa ndani ya mitambo ya ombwe na kupitishwa kwenye mkaa na resini. Yako itafaa kung'oa ukoko wa chokaa kwenye birika na mabomba, itafaa kuondoa chokaa kwenye ngozi za wanyama zinazosindikwa. Haitafaa kuliwa, kwa sababu salfuriki ya betri haikutengenezwa kwa ajili ya chakula.

Nimefuata njia ya togwa na maganda, bila chokaa. Kila mara pH inashuka hadi 3.6 inasimama, ingawa ukionja bado ni tamu. Wanafunzi wanauliza kwa nini bakteria wanaacha chakula mezani. Je, majivu au magadi vinaweza kuchukua nafasi ya chokaa? (Mwalimu wa kemia, Tabora mjini)

Mwalimu, bakteria wako hawajashiba, wamezidiwa na kazi ya mikono yao. Asidi ya laktiki ndani ya maji ina sura mbili, nzima na iliyogawanyika. Iliyogawanyika ina chaji, haipenyi ukuta wa bakteria. Iliyo nzima inapenya, inagawanyikia ndani, na bakteria anatumia nguvu zake zote kuitoa nje. Wanafunzi wakokotoe kwa pKa ya 3.86: kwenye pH 3.86 nusu ya asidi iko nzima, kwenye 5.86 ni sehemu moja tu katika mia. Ndiyo maana tunashikilia kati ya 5.5 na 6. Togwa isiyo na kitu cha kuituliza huishia na gramu chache kwa lita, na hilo kwa mnywaji ni jambo jema.

Hesabu ya kabonati ni nyepesi kwa darasa: gramu 100 humeza gramu 180 za asidi. Chokaa iliyozimwa ya ujenzi inameza zaidi, gramu 74 kwa 180 zilezile, lakini yenyewe ina pH ya zaidi ya 12, na pale inapoangukia inaua. Ikorogwe kwanza kwenye maji iwe kama maziwa, itiwe kwa kijiko huku mtu akikoroga. Kabonati haina shida hiyo, ukizidisha inakaa chini inangoja.

Majivu na magadi vinatuliza asidi, ndiyo. Ila majivu yanakupa potasiamu laktati na magadi yanakupa sodiamu laktati, na hizo ni za kuyeyuka tu. Ukitia salfuriki, hakuna jasi itakayoanguka. Utabaki na asidi na chumvi vikiwa vimechanganyika. Kwa jaribio la kuonyesha kwamba sukari inakwisha, tumia. Kwa kuvuna asidi, hapana.

Na kwa kuwa wanafunzi hupenda majina: asidi hii ilitolewa kwenye maziwa machachu na Carl Wilhelm Scheele mwaka 1780, na kwa miaka mingi ilidhaniwa ni sehemu ya maziwa yenyewe. Louis Pasteur ndiye aliyeonyesha mwaka 1857 kwamba inafanywa na viumbe hai.

Pipa letu la kwanza lilinuka pombe. La pili lilinuka siki. La tatu tuliliacha wiki mbili, likanuka kiasi kwamba majirani walilalamika. Tatizo ni moja au ni matatu? (Kikundi cha vijana, Nguruka)

Ni matatu, na pua yenu imeshafanya nusu ya kazi.

Pombe ni chachu za porini, au mbegu yenye bakteria wa aina mbaya kwa kazi hii. Wako wanaogeuza gramu 100 za glukosi kuwa karibu gramu 100 za asidi. Wako wengine, kama Lactobacillus fermentum ambaye ni mwenyeji wa kawaida kwenye togwa, wanaotoa gramu 50 tu za asidi, na zinazobaki zinakwenda pombe na hewa ya kaboni. Togwa ni mkutano wa wote. Njia ya kuwachuja bila maabara ni joto: hamisheni mbegu mara tatu mfululizo, kila mara kikombe kimoja kwenye lita moja mpya, ikae nyuzi 45 kwa saa 24. Chachu nyingi hazivumilii hapo. Lactobacillus delbrueckii, anayependwa viwandani, anastarehe.

Siki inatokana na hewa. Kwanza pombe kidogo imetokea, kisha bakteria wa siki wakaipata juu ya pipa lisilojaa wala kufunikwa. Mkizuia ya kwanza, ya pili haitokei.

Lile la tatu, kama harufu ilikuwa ya samli iliyooza au ya soksi, ni asidi ya buturiki. Hapa msilaumu maganda. Mbegu zilizolala za bakteria wa Clostridium hukaa udongoni, hustahimili kuchemka, na ukiwaachia pipa lililotulizwa kwa chokaa, lisilo na hewa, lenye laktati tele, wanaila laktati yenyewe na kutoa buturiki. Maana yake asidi yenu ilikuwepo mkaiacha iliwe. Osheni maganda udongo wote, mbegu yenu ya togwa iwe nyingi na hai, na siku povu linapokoma ndiyo siku ya kuchemsha. Pipa lililokwisha kuharibika halirekebishiki, mwageni shimoni na muoshe kwa maji ya moto na sabuni, kisha klorini.

Ute unaovutika kama mlenda, mkiuona, ni bakteria wengine wa jamii hiyohiyo wanaopenda sukari ya miwa na joto la chini. Pandisheni joto, wataondoka.

Matawi matupu ya michikichi yanatuzidi kwenye kukamulia mawese. Yanaweza kutoa asidi hii? (Mkamuaji, Mwandiga)

Yanaweza, maabara. Kwako tunakushauri uache. Sukari ya kwenye tawi imefungwa ndani ya selulosi na hemiselulosi, na zote zimepigwa gundi ya lignini. Kimea hakigusi hata moja. Inabidi tawi likatwe vipande vya sentimita mbili, lichemshwe kwa magadi makali ya soda au asidi kwenye mgandamizo, kisha vinunuliwe vimeng'enya vya selulosi. Ukifika hapo, karibu theluthi ya sukari yako ni zailosi, ambayo bakteria wengi wa laktiki hawaili. Wanaoiweza, kama Lactobacillus pentosus na Bacillus coagulans, hawapatikani kwenye togwa ya jirani. Juu ya hayo, ule mchemko mkali huzaa furfurali, na furfurali ni sumu kwa bakteria haohao.

Matawi rudisha shambani chini ya michikichi. Maganda ya mise (kokwa za michikichi) choma.

Hapa mwaloni vichwa na matumbo ya samaki yanaoza kabla ya saa sita mchana. Nimesikia asidi ya laktiki inahifadhi. Nikinunua hiyo asidi itanigharimu, nikitengeneza naambiwa ni kazi. Mnashaurije? (Mfugaji wa nguruwe, Kibirizi)

Swali lako, ndugu, ndilo tulilokuwa tunalisubiri. Kuichachusha asidi ni rahisi. Kinachomaliza kuni, chokaa na salfuriki ni kuitoa majini. Kwa hiyo kabla ya kuwasha moto jiulize: matumizi yangu yanahitaji itoke? Yako hayahitaji. Bakteria wataitengenezea palepale ndani ya samaki.

Saga vichwa na matumbo mabichi, ya asubuhi hiyo, vipande visizidi sentimita moja. Kwa kilo 10 changanya kilo 1.5 za molasi na lita moja ya mbegu kali. Molasi ikikosekana, pika uji mzito wa kilo 2.5 za unga wa muhogo kwa lita 5 za maji, ulainishe kwa nusu kilo ya kimea kwenye nyuzi 63 kama tulivyoeleza juu, upoe, ndipo uchanganye. Unga wa muhogo mtupu bila kimea hautasaidia: samaki wataoza huku wanga ukitazama. Jaza pipa hadi juu, shindilia, funika kwa nailoni na uzito. Chokaa usitie hata chembe, hapa tunataka pH ianguke.

Pima kila siku. Lazima iwe chini ya 4.5 ndani ya siku mbili, tatu zikizidi sana. Huo mpaka si wa urembo: juu ya 4.6 bakteria wa sumu ya botulini wanaweza kukua. Pipa ambalo siku ya tatu bado liko 5 si chakula, lizikwe.

Likikwama, angalia mifupa kwanza. Mifupa ni fosfeti ya kalsiamu, inakula asidi kama chokaa. Pipa la vichwa vitupu vya migebuka litahitaji sukari nyingi kuliko pipa la matumbo. Changanya nusu kwa nusu. Pili, angalia kama samaki walishaanza kuoza kabla ya kuingia; amonia nayo inatuliza asidi.

Likienda vizuri, harufu inakuwa ya uchachu wa kimea na samaki kidogo, na baada ya wiki nyama inayeyuka yenyewe kuwa kama supu nzito, kwa vimeng'enya vya matumbo. Changanya na pumba, uwazoeze nguruwe polepole, na uache kuwapa wiki tatu kabla ya kuchinja, la sivyo nyama itanuka ziwa.

Wafugaji wa mbuzi wanaweza kufanya hivyohivyo kwa maganda mabichi ya muhogo: yanyauke siku moja mpaka yakibanwa mkononi yasitoe maji, yakatwe, yashindiliwe kwenye pipa au mifuko ya nailoni mizito, hewa itoke, yafungwe wiki tatu. Yatachacha hadi pH 4 na sianidi itapungua sana. Wakati wa kufungua, fungua nje na uyaache yapigwe na upepo kabla ya kulisha.

Chumvi ya Uvinza inasaidia kwenye kuchachusha maganda? (Msomaji, Uvinza)

Kwenye achari ya mboga, ndiyo, gramu 20 hadi 25 kwa kilo, kuwabana wanaooza ili wa laktiki watangulie. Kwenye maji yaliyochemshwa na kutiwa mbegu haina kazi, na itakusumbua kwenye fuwele.

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, nasikia mifuko inaweza kutengenezwa kwa asidi hii. Tunaweza kuanzisha kwa maganda yetu? (Mwanafunzi wa chuo, Tabora)

Plastiki hiyo ipo, kwa Kiswahili tuiite polilaktiki, na kiwanda chake kikubwa cha kwanza kilifunguliwa Blair, Nebraska, Marekani, mwaka 2002, kikitumia mahindi. Lakini asidi ya laktiki ina maumbo mawili, kama mkono wa kulia na wa kushoto. Ili plastiki iwe ngumu, karibu yote lazima iwe ya mkono mmoja. Lactobacillus plantarum, mwenyeji mwingine wa togwa, anatoa yote mawili kwa pamoja, na ukiyaunganisha hayo unapata kitu laini kinacholegea kwenye jua la Tabora. Kisha asidi inabidi ikaushwe kabisa, iunganishwe minyororo mifupi, ivunjwe kuwa laktidi (jozi za chembe zake), isafishwe, ndipo iunganishwe tena. Anza na pipa la mfugaji wa Kibirizi, dada au kaka, kiwanda kitakukuta njiani.

Nitajuaje nimepata asidi kiasi gani? Napima kwa soda kali (sodiamu haidroksaidi) na fenolfthaleini, dawa inayobadili rangi asidi ikiisha, lakini naambulia kidogo mno. (Fundi maabara, Urambo)

Kwa sababu uliitia kabonati. Soda kali inahesabu asidi huru tu, na yako imeshafungwa na kalsiamu. Kwa sampuli isiyotulizwa kipimo chako ni sahihi: kila mililita ya soda ya moli 0.1 kwa lita ni gramu 0.009 za asidi ya laktiki, kwa hiyo mililita 10 za sampuli zikinywa mililita 20, una gramu 18 kwa lita.

Kwa pipa lenye kabonati, pima iliyobaki. Povu likikoma, na kabla ya kutia chokaa ya kugandisha, acha itulie, mimina maji ya juu, suuza masimbi ya chini mara mbili, kausha, yapime kwenye mizani. Ulitia 450, zimebaki 130: zimetumika 320, ambazo ni gramu 576 za asidi. Masimbi hayo yana bakteria waliokufa na chembe za unga, kwa hiyo hesabu yako itapungua kidogo kuliko ukweli. Ukitaka kuwatoa, choma masimbi kwenye kigae mpaka weusi uishe, lakini moto usiwe wa tanuri la chokaa, la sivyo kabonati yenyewe itapungua uzito na utajisifu bure.